Ndege bila rubani juu ya makambi yetu



Tukitembelea makambi, swali moja linarudi: ile ndege ndogo inayonguruma juu, isiyo na mtu ndani, ni ya nani? Mama mmoja alituambia watoto wake wakiisikia wanajificha. Mzee jirani yake alisema yeye akiisikia ndipo anapata usingizi. Wote wawili tunawaelewa.

Mwaka 2006, wakati wa uchaguzi, jeshi la Ulaya lilileta ndege za namna hiyo Kinshasa. Oktoba moja ikaanguka mjini, ikaua mtu. Tarehe 3 Desemba 2013 MONUSCO ilirusha ya kwake Goma, aina ya Falco kutoka Italia. Haikuwa na silaha, ilikuwa na kamera tu. Mei 2014 waliokuwa wakiziongoza waliona mtumbwi umepinduka Ziwa Kivu, na boti za MONUSCO zikaokoa watu zaidi ya kumi.

Tuangalie vizuri hapo. Kamera iliona, lakini walioingia majini ni watu wenye boti, nao walikuwa karibu. Sisi wa Ituri tunajua upande wa pili. Plaine Savo, usiku wa tarehe 1 Februari 2022, waliuawa watu wapatao 60. Lala, Juni 2023, zaidi ya 40. Kwamba hatari ipo ilijulikana. Aliyekosekana ni mtu wa kufika kwa wakati.

Leo jeshi letu pia lina ndege za hivyo zenye silaha. Ukiwa chini huwezi kujua hii ni ipi.

Kwa hiyo viongozi, katika mkutano wa usalama ulizeni: picha zinamfikia nani? Tukipiga simu usiku, nani anatoka, kutoka kituo gani, baada ya saa ngapi? Sisi tuliuliza mara mbili. Tulijibiwa mara moja, kwamba ni siri ya jeshi. Njia ya ndege iwe siri, sawa. Namba ya simu ya kuomba msaada si siri.

Na jambo moja kwa vijana: msiipige picha kwa simu, wala kuandika inapita wapi. Mtu anaweza kuitwa mpelelezi kwa hilo. Ikianguka, msiguse, mwiteni kiongozi wa kambi, naye awazuie watoto.