Fizi Zitokazo Damu na Sukari Isiyoshuka
(Hotuba kwa wakazi wa Kata ya Pasua)



Yupo mgonjwa wa kisukari aitunzaye kadi yake ya kliniki kama hati ya kiwanja. Humeza dawa kwa saa zake, amepunguza ugali, chai hunywa bila sukari. Hata hivyo kipimo hakishuki. Huulizwa habari za chakula, kisha huongezewa dawa. Ni nadra kuombwa afungue kinywa.

Kisukari na ugonjwa wa fizi hulishana. Sukari inapozidi katika damu, mishipa midogo ya fizi huharibika na kinga ya mwili hulegea. Bakteria wa utando wa meno hupenya chini ya ufizi, na mfupa unaoshika jino huliwa polepole, mara nyingi bila maumivu. Ufizi uliovimba nao haukai kimya: kemikali za uvimbe huo huingia katika damu na kuidhoofisha kazi ya insulini. Sukari hupanda tena.

Tiba yake ni kukwanguliwa ugaga juu na chini ya ufizi, kwa ganzi panapohitajika. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2022, yaliyokusanya majaribio 35 ya nchi mbalimbali, yalionyesha kwamba miezi mitatu hadi minne baada ya tiba hiyo, kipimo cha wastani wa sukari hushuka kwa takriban 0.4, mathalani kutoka asilimia 8.4 hadi 8.0. Si muujiza, wala si kibali cha kuacha dawa. Lakini kwa mtu aliyekwisha kujinyima kila kitu mezani, ni nafuu ya kweli.

Hapa panahitajika tahadhari moja ya kwetu. Katika nchi hizi za Kilimanjaro na Meru wapo wengi wenye meno ya rangi ya kahawia kutokana na floraidi iliyozidi katika baadhi ya maji na katika magadi ya kupikia. Madoa hayo hupatikana utotoni, meno yakiwa bado yanaumbika, nayo si ugonjwa wa fizi. Mwenye meno meupe kama maziwa aweza kuwa na fizi zilizooza, na mwenye madoa akawa mzima kabisa. Dalili za kutazamwa ni damu wakati wa kupiga mswaki, fizi zilizovimba au kushuka, harufu mbaya isiyoisha, na jino linalocheza.

Wengi waonapo damu huacha mswaki. Hilo huzidisha ugonjwa, kwani utando hubaki palepale. Mvutaji wa sigara naye asijipongeze kwa kutoona damu: tumbaku huificha.

Jino likishalegea sana, mara nyingi hubaki kung'olewa tu. Kwa hiyo mwenye kisukari aombe kukaguliwa kinywa siku ya kliniki katika Kituo cha Afya Pasua, na ikilazimu apewe rufaa kwenda Mawenzi au KCMC. Siku ya tiba asiende na njaa: ale na kutumia dawa zake kama kawaida, isipokuwa daktari ameagiza vingine, amweleze mtaalamu wa meno kwamba ana kisukari, na achukue kadi yake yenye vipimo vya karibuni.