Faili ya Serikali Haichomwi Bila Idhini

Pale Ruring'u, nje kidogo ya mji wa Nyeri, lipo jengo lililokuwa mahakama ya Waafrika enzi za ukoloni. Leo ni makumbusho. Kuta zinaonekana kwa macho, lakini mashauri ya watu hubaki kwenye karatasi tu. Kwa hiyo, msikilizaji, faili ya serikali haichomwi bila idhini.

Idara ya Nyaraka za Kitaifa ya Kenya, inayotoa idhini hiyo, iliundwa kwa sheria mwaka 1965. Makao yake ni Moi Avenue, Nairobi. Ofisi ya umma ikimaliza kutumia faili, maafisa huichambua. Inayofaa kuhifadhiwa hupanguswa vumbi, hung'olewa pini zenye kutu, hutiwa boksini na kupewa namba. Namba hiyo ni muhimu mno. Bila namba, faili imepotea hata ikiwa rafuni.

Mwaka 2011 Uingereza ilikiri kuwa na faili zilizosafirishwa kutoka Kenya kabla ya uhuru. Faili hizo ziliwasaidia wazee wa Mau Mau, waliopigania uhuru, kudai haki yao London. Karatasi kuukuu zilisema kweli.

Karani wa serikali mwenye stoo iliyojaa faili aiandikie idara kwanza. Faili ya serikali haichomwi bila idhini. Anayetafuta rekodi za zamani aende na kitambulisho, ajisajili, aagize faili kwa namba yake. Nyumbani nako karatasi hutunzwa: hatimiliki iwekwe pakavu, mbali na ukuta wenye unyevu na moshi wa jikoni. Ikichanika, isibandikwe gundi wala selotepu.