Je, Chema Chajiuza?

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani



Kamati imeniomba niseme machache juu ya jambo lililo sehemu ya kazi yangu katika utumishi wa umma, nalo ni namna ya kuzipatia wasomaji makala tunazozitoa katika intaneti. Chama chetu nacho kimeanza kuweka makala huko, na baadhi yenu mmelalamika kwamba hazisomwi.

Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni kweli sokoni, ambako embe bovu na embe zuri hukaa meza moja na mnunuzi akayaona yote mawili. Katika intaneti mambo si hivyo. Huko mnunuzi hakioni chema mpaka akitafute au aletewe. Kibaya hujitembeza usiku na mchana, na chema kimelala kabatini kikingoja kujiuza. Hasara ya jambo hili si ya mwandishi peke yake.

Nitatoa mfano wa muhogo. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ulielezwa na wataalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1936, hapa hapa kwetu, wakati nchi ikiitwa Tanganyika. Ubaya wake ni kwamba shina na majani yaweza kuonekana mazima, kumbe mizizi inaoza ndani ya ardhi. Mkulima hugundua siku ya kuvuna, watoto wakisubiri chakula. Ugonjwa huenezwa na inzi weupe, na pia kwa pingili tunazopeana kijirani kwa nia njema. Mche ukishaambukizwa hakuna dawa ya kuuponya. Lililopo ni kupanda pingili safi, kung'oa mche wenye dalili, na kutochukua mbegu katika shamba lenye ugonjwa.

Sasa fikirini ushauri huo umewekwa katika intaneti chini ya kichwa hiki: "Taarifa ya Utekelezaji wa Mkakati wa Udhibiti wa Visumbufu vya Mimea, Awamu ya Pili." Nani ataufungua? Mkulima, au mwanawe mwenye simu, ataandika: "muhogo unaoza ndani." Maneno yake na maneno ya taarifa hayatakutana kamwe. Atakayekutana naye ni muuza chupa za dawa, ambaye yeye ameandika kwa maneno ya mkulima. Fedha itakwenda, na muhogo utaoza vile vile. Taarifa ilikuwa ya kweli, mwandishi alikuwa msomi, lakini haikumfaa mtu.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kichwa cha habari. Kabla ya kuandika, yafaa mtu ajiulize: mwenye shida hii angeiulizaje kwa maneno yake mwenyewe? Maneno hayo ndiyo yawe kichwa, na jibu lipatikane katika aya ya kwanza. Salamu za viongozi na historia ya mradi zaweza kungoja. Lakini kichwa kisidanganye. Msomaji aliyevutwa kwa hila huja mara moja tu, na akiondoka huondoka na wenzake.

La pili ni umbo la makala. Ofisi nyingi hupiga picha ya waraka wenye mhuri na kuiweka hivyo hivyo. Sisi twaona maandishi, lakini mara nyingi mtambo wa kutafutia huona picha tu, na mtu akitafuta maneno yaliyomo hayapati. Tena picha hiyo ni nzito. Humaliza bando la mtu kabla hajasoma mstari wa kwanza. Makala iandikwe kwa herufi, iwe nyepesi, na isomeke kwenye simu ndogo, maana wasomaji wetu wengi hawana kompyuta mezani.

La tatu ni kutajwa na wengine. Larry Page na Sergey Brin, walioanzisha Google mwaka 1998, waliujenga mtambo wao juu ya wazo ambalo kijijini twalijua: fundi anayetajwa na watu wengi wenye heshima huenda ndiye fundi hodari. Kadhalika ukurasa unaoelekezwa na kurasa nyingine zinazoaminika hupewa uzito. Mtambo wa leo hutazama mambo mengine mengi pia, lakini hili bado lina nguvu. Basi shule, vyama vya ushirika, na wenzetu walio katika vyuo wakiona makala yetu inafaa, tuwaombe waielekeze katika kurasa zao. Kuomba si aibu.

La nne ni kuipeleka makala kwa watu walipo. Wengi wetu tumo katika makundi ya WhatsApp, na humo hutupa anwani ya ukurasa bila neno lolote, kama mtu aliyeacha kifurushi mlangoni akakimbia. Andika sentensi mbili: makala yasema nini, na yamfaa nani. Kisha subiri maswali, na uyajibu.

Hapo nakumbuka historia yetu. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923, lilikuwa la serikali ya kikoloni, na lingeweza kubaki matangazo matupu. Lakini lilitoa nafasi kwa barua na mashairi ya wasomaji wenyewe. Shaaban Robert, ambaye naye alikuwa mtumishi wa serikali, ni mmoja wa waliochapisha mashairi yao humo. Mtu akiona neno lake limechapishwa, huwaonyesha ndugu na jirani. Nasi makala zetu zikiwa za kusema tu bila kusikiliza, tusishangae zikikosa wasikilizaji. Swali la msomaji wa leo ndilo kichwa cha makala ya kesho.

Ndugu Mwenyekiti, napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila makala ya chama isomwe na mtu mmoja asiye wa fani hiyo kabla ya kutolewa. Pili, vijana wa kidato cha tano na cha sita wakabidhiwe kazi ya kuziandika upya kwa herufi zile makala za zamani zilizowekwa kama picha. Tatu, kila mwanachama aipeleke makala moja kwa mtu mmoja anayeihitaji kweli.

Idadi ya waliofungua ukurasa ni kipimo, lakini si kipimo kikubwa. Watu elfu wakifungua bila kusoma, hatukufanya kitu. Mkulima mmoja akikataa pingili mbovu kwa sababu alitusoma, tumefanya kazi tuliyosomeshwa kuifanya.