Waokota Masazo
Maneno ya katekista mbele ya wakristo, siku ya Jubilei



Picha hii iliyotundikwa mbele yenu ni nakala tu. Yenyewe ilichorwa na Mfaransa Jean-François Millet, akaionyesha Paris mwaka 1857, na sasa imewekwa katika jumba la Orsay, mji uo huo. Wengi huitazama mara moja na kusema, "Wanawake watatu shambani," kisha huenda zao. Lakini picha husomwa kama barua.

Basi tuisome. Ngano imekwisha kuvunwa. Mbele kabisa wamo wanawake watatu. Wawili wameinama hata chini, wanaokota masuke yaliyoanguka. Wa tatu ameinuka nusu, mgongo haujanyoka bado. Mmoja ameweka mkono nyuma ya kiuno, ameshika mabua machache. Ndiyo mapato yake. Sasa tazameni mbali: malundo makubwa ya ngano, gari, wavunaji wengi, na msimamizi juu ya farasi. Mali yote iko kule, lakini mchoraji ameifanya ndogo. Maskini amewaleta karibu, akawapa heshima ambayo wachoraji wengi walizoea kuwapa wafalme na mashujaa.

Kwa ajili hiyo watu wengine wa Paris walichukizwa. Ilikuwa imepita miaka 9 tu tangu mapinduzi ya mwaka 1848, nao waliona hatari katika picha hii. Nawauliza: wanawake hawa watamtisha nani? Hawana silaha, wala hawainui macho. Kilichowatisha watu wale ni kulazimishwa kuwatazama.

Millet alikijua alichokichora, maana alizaliwa mwaka 1814 katika nyumba ya wakulima wa Normandy, na ujanani alilima kwa mikono yake. Hakuwapamba wanawake hawa, wala hakuwafanya ombaomba. Kuokota masazo ilikuwa desturi ya haki tangu kale. Ninyi mwaijua habari ya Ruthu Mmoabu katika shamba la Boazi, na torati ya Musa iliyomkataza mwenye shamba kuokota masazo, ili yawe ya maskini na mgeni. Basi masuke yale hayakuwa hisani ya tajiri; yalikuwa fungu lao.

Ndugu zangu, leo tumesikia majina ya wakubwa walioijenga misioni yetu, na ni haki yao. Lakini wako akina mama waliochota maji na kubeba mawe, ambao majina yao hayakuandikwa po pote. Kama tungeichora Jubilei hii, tungewaweka wapi? Mbele, au kule mbali tusikoona nyuso?

Tena, utakapovuna shamba lako, mjane akija nyuma yako na kikapu chake, usimwulize ametumwa na nani. Mwachie pembe ya shamba. Amekuja kuchukua kilicho chake.