Barafu Kavu Nyumbani: Tuogope Hewa Kuliko Baridi



Barafu tunaijua. Mvuvi wa Somanga au Kilwa Kivinje huipakia chomboni kabla ya kutweka, na muuza samaki anayeipokea alfajiri hujua kuwa jioni itakuwa maji. Leo nazungumzia barafu ya namna nyingine, isiyokuwa maji kamwe. Huitwa barafu kavu. Hutumika kusafirishia samaki waliogandishwa, sampuli za maabara na baadhi ya chanjo. Na katika baadhi ya kumbi za harusi ndiyo itoayo ule moshi mweupe unaotambaa miguuni mwa maharusi. Nyumbani kwetu huweza kufika kama masalia: kipande kilichobaki baada ya sherehe, au ndani ya boksi la kitoweo aliloleta ndugu kutoka Dar es Salaam.

Barafu hii ni hewa ukaa iliyogandishwa, ile ile tuitoayo tunapopumua, na ile ile inayotoa povu katika soda. Wilayani Rungwe, mkoani Mbeya, hutoka ardhini na kuvunwa kwa matumizi ya viwanda. Baridi yake ni nyuzi 78 chini ya sifuri. Ukiishika kwa mkono mtupu, ngozi huungua kana kwamba imeguswa na kaa la moto. Hilo mtu hulihisi mara moja akauondoa mkono. Jambo ninaloomba mlichukue leo ni jingine: baridi yake huunguza, lakini hewa yake huua.

Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Ule moshi mweupe si yenyewe. Ni unyevu uliopoa ukawa ukungu. Ukungu ukitoweka, hewa ukaa yaweza kuwa bado ipo. Nayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kiasi cha mara moja na nusu, kwa hiyo hutulia chini kama maji katika ngama ya jahazi. Kando ya mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, hewa hii hutoka katika ardhi ya volkano na kujikusanya mabondeni. Wenyeji huziita sehemu hizo mazuku. Mifugo hufia humo, na watu pia wamefia humo, hasa upepo unapotulia.

Chumba kilichofungwa chaweza kuwa bonde la namna hiyo. Kilo 1 ya barafu kavu hutoa zaidi ya lita 500 za hewa. Chukueni chumba cha mita 3 kwa 3, chenye kimo cha mita 2.5. Kilo 5 zikigeuka hewa humo, mlango na madirisha yakiwa yamefungwa kabisa, zaidi ya sehemu 10 katika kila 100 za hewa ya chumbani zitakuwa hewa ukaa. Kiasi hicho chaweza kumzimisha mtu mzima kwa dakika chache. Na ni nani hulala chini? Ni watoto, juu ya mkeka, joto la kaskazi likizidi.

Kwa hiyo, tushike mambo haya.

Kwanza, muuzaji akuambie ni barafu gani na uzito wake. Ni haki yako kuuliza. Nunua ya kutosha siku hiyo tu.

Pili, iwekeni barazani au uani penye upepo, mbali na watoto na mifugo. Kamwe si chumba cha kulala, wala ndani ya jokofu.

Tatu, msiifungie katika chupa, dumu wala chombo chochote kisichopitisha hewa. Hewa ikikosa njia, chombo hupasuka kwa kishindo. Boksi la kuhifadhia baridi lifunikwe bila kubanwa.

Nne, ishikeni kwa glavu nene au koleo. Isiwekwe mdomoni, na kipande chake kisiachwe ndani ya kinywaji.

Tano, safarini kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa ni saa kadhaa. Gari likiibeba, madirisha yawe wazi, na mtu asilale ndani ya gari lililofungwa pamoja nayo. Wavuvi nao wasiiweke chini ya sitaha wanapolala watu.

Sita, masalia yaachwe nje yaishe yenyewe. Yasimwagwe chooni, kwenye karo la kuoshea vyombo wala kisimani. Hewa yake ikikaa ndani ya kisima, anayeshuka kukisafisha huenda asipande tena. Wala tusitegemee taa ya kushusha kwa kamba: hewa ukaa yaweza kumdhuru mtu ilhali mwali bado unawaka.

Dalili ni kupumua haraka, kichwa kuuma, kizunguzungu na usingizi usio wa kawaida. Mkiziona, tokeni nje nyote. Mwenzenu akianguka ndani, fungueni mlango na madirisha kutoka nje ikiwezekana, wala mtu asimfuate kwa pupa, kwa maana mara nyingi mwokoaji huwa maiti wa pili. Pigeni simu 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Aliyeungua ngozi awekewe maji ya uvuguvugu, asisuguliwe, kisha apelekwe kituo cha afya.

Ndugu zangu, simkatazi mtu kuitumia barafu hii. Ina manufaa yake, na mizigo mingi isingefika salama bila hiyo. Naomba tu kwamba jioni ya leo, kabla ya kufunga milango, kila mwenye boksi la namna hiyo alitoe nje, akaliache kwenye upepo. Tahadhari kabla ya hatari.