Daftari la Mtoto na Wino Mwekundu

Leo twapenda kunena habari za daftari dogo ambalo mtoto wa shule ya msingi huandika humo mambo yake ya kila siku: aliyoyaona, aliyoyatenda na anayoyawaza.

Jambo hili si geni. Mwaka 1873, miongoni mwa watu waliouchukua mwili wa Livingstone kwenda pwani, alikuwamo kijana aliyejua kuandika, jina lake Jacob Wainwright. Aliandika habari za safari ile, na kwa daftari lake twamsikia mpaka leo.

Watoto wa Tarime na Serengeti wengi huja shuleni wakisema Kikuria, Kingoreme au Kiikoma, nasi twawafundisha kwa Kiswahili. Wengine hunyamaza darasani kwa kuona haya, lakini katika daftari hupata ujasiri. Basi mwalimu naye sharti ajue kusoma.

Hapa twakiri kosa letu. Zamani, tulipokuwa tukifundisha upande wa Tarime, msichana mmoja aliandika mwezi wa Novemba: "Naogopa rikizo." Kikuria hakina sauti ya L, basi tukatwaa wino mwekundu, tukaikata R, tukaandika L, tukamrudishia. Nao Desemba ni mwezi ambao katika baadhi ya vijiji vyetu wasichana hukeketwa. Januari mahali pake palikuwa patupu. Herufi tuliisahihisha, neno lenyewe hatukulisoma.

Sasa tupo katika chuo cha ualimu, na walimu vijana twawaagiza hivi. Watoto na waandike robo saa kila asubuhi. Mwalimu asome madaftari kumi kwa siku. Kwa juma moja atayamaliza ya watoto hamsini. Wino mwekundu usiyaguse. Makosa ya herufi yafundishwe ubaoni, bila kumtaja mtu. Chini ya maneno ya mtoto aandike swali moja, kama hili: "Waogopa nini?" Madaftari yalale shuleni, ndani ya sanduku lenye kufuli. Akiona hatari, azungumze na mtoto faraghani, kisha apeleke habari kwa mwalimu mkuu na ofisa wa ustawi wa jamii. Kwani sheria ya mwaka 1998 yakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18.

Nanyi wazazi, mtoto akiwa kimya jioni, mwulizeni, kisha mngojeni ajibu.