Senti Zinazopotea Ndani ya Simu

(Hotuba kwa watunza hazina wa vikundi vya kuweka na kukopa, Mwanza)



Vikundi vyetu kando ya ziwa vinaanza kuhama kutoka kwenye daftari kwenda kwenye simu, nasi tunashukuru. Lakini leo tunaomba tutazame jambo dogo linaloweza kuvunja kikundi: jinsi programu ya simu inavyokadiria namba zenye desimali.

Tuchukue mfano. Wanachama 23 wanagawana faida ya shilingi 500,000 sawa kwa sawa. Simu inatoa 21,739.13 kwa kila mmoja. Sarafu ndogo tunayoiona sokoni ni ya shilingi 50, basi programu inakadiria 21,750. Wote wanafurahi, mpaka mwanachama wa mwisho afike mezani. Jumla ya malipo ni 500,250, na sandukuni mlikuwa na 500,000. Nani atashukiwa kwa 250 zilizopungua? Ni mtunza hazina, ambaye hakuchukua kitu.

Programu ikikadiria kwenda chini, kila mmoja atapata 21,700 na zitabaki 900. Hizo ziandikwe wazi, mathalani katika mfuko wa jamii, ili kila mtu ajue zilipo.

Kosa la pili ni kukadiria mara mbili. Sangara wa kilo 12.46 akiandikwa 12.5, kisha 12.5 ikafanywa 13, mnunuzi analipia zaidi ya nusu kilo ambayo haipo. Tunza uzito kamili. Kadiria mara moja tu, mwishoni.

La tatu limo ndani ya simu yenyewe. Simu huhesabu kwa 0 na 1 tu. Kama theluthi moja isivyomalizika tukiiandika 0.333, ndivyo 0.1 isivyomalizika ndani ya simu. Katika lugha nyingi za programu, 0.1 ukijumlisha 0.2 hutoa 0.30000000000000004. Kwa hiyo fundi makini hutunza fedha kwa namba nzima, za shilingi au senti.

Wakubwa nao wamejikwaa. Soko la hisa la Vancouver, Kanada, lilianzisha kipimo cha bei mwaka 1982 kwa 1,000. Kompyuta ilikata tarakimu za mwisho kila ilipokokotoa. Kufikia Novemba 1983 kipimo kilisoma takriban 524. Kiliporekebishwa kilizidi 1,098.

Uandishi nao una mtego. Sisi tunaandika 12,500. Ndugu zetu wa Ujerumani huandika 12.500. Simu iliyopangwa kwa utaratibu wa kwao inaweza kusoma maelfu yetu kuwa kumi na mbili na nusu.

Kamati za usharika, kabla ya kupokea programu yoyote ulizeni: inakadiria wapi? Inakadiria kwenda juu au chini? Masalio yanaandikwa wapi? Kisha fanyeni mgao mmoja kwa mkono, mlinganishe. Wafadhili wetu, mnapotununulia simu, tusaidieni pia kupata siku ya kuzijaribu hesabu hizo.

Kitabu cha Mithali kinatuonya juu ya mizani isiyo ya haki. Siku hizi mizani nyingine imo mfukoni mwetu. Tuikague.